Fundi wa Mninga Aliyeomba Kurudi Kwake

Nyayo za yule mzee nilizijua kuliko uso wake. Ndivyo ilivyo kwa mtu wa chini. Kupasua mbao kwa msumeno mrefu wa kuvuta ni kazi ya watu wawili: gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, mnavutana juu chini, juu chini, mpaka gogo liwe mbao. Wa juu anauona mstari na anapata upepo. Wa chini anaziona nyayo za mwenzake na anakula vumbi. Mimi nilikuwa wa chini, miaka yote. Nikimwomba tubadilishane walau siku moja, ananijibu, "Wewe shimo limekuzoea," kana kwamba hilo nalo ni jibu.

Kijiji kizima tulimwita Fundi, basi, kama vile duniani hakuna mwingine. Na kwa upande wetu huo wa Nyakahura kweli hapakuwa na mwingine, na hilo ndilo lililomponza.

Kwake yeye miti ilikuwa ya namna mbili tu: mninga, na kuni. Mvule aliuheshimu, lakini kama mtu anavyomheshimu mkwe wake, kwa mbali. Alisema mvule unaficha mawe tumboni, na si uongo, kwani mara nyingine tulikuwa tunavuta vizuri, ghafla msumeno unalia krrr, meno yamekutana na jiwe jeupe lililojijenga ndani ya mti wenyewe. Hapo Fundi anashuka, anakaa chini na tupa yake kunoa upya, na mtu yeyote asimsemeshe. Mninga hauna ujanja huo. Ukiukata mbichi unatoa utomvu mwekundu kama damu, na ukikudondokea kwenye shati, fua mpaka uchoke. Akina mama walikuja na vikombe kuomba magome ya kuchemsha, wanasema yanaongeza damu. Fundi aliwapa, lakini ya gogo lililolala tu. Ole wako akukute unauchuna mti uliosimama.

Ndani ya mninga kuna moyo wenye rangi ya asali iliyokaa sana chunguni. Huo moyo mchwa anaupitia pembeni na kwenda zake. Ukishakauka haupindi, haupasuki, haufuri mvua ikija, na randa inapita juu yake kwa ulaini mpaka unajisikia fundi hata kama hujui kitu. Ila nje ya moyo kuna sehemu nyeupe iliyouzunguka pande zote, na hiyo ni chakula cha wadudu. Fundi aliikata yote na kuitupa. Mimi roho iliniuma, mbao nene hivyo kuwa kuni za kuchemshia maharage, lakini aliniambia, "Nyeupe ni ya kuota moto. Mtu huwezi kumfungia nyumba yake kwa chakula cha wadudu."

Na subira! Mtu yule hakuwa na subira na binadamu yeyote, lakini kwa mbao alikuwa nayo ya kugawa. Alizipanga kivulini, katikati ya kila mbao na mwenzake ameweka vijiti ili upepo upite, akaziacha mvua zije na ziondoke. Akitaka kujua kama zimekauka, aliinua mbao akaiweka shavuni, macho kayafumba. Ikiwa bado ya baridi, ina maji. "Mti wenye maji ni mti unaosema uongo," alikuwa akisema. "Leo umenyooka, kesho umekugeuka." Wateja wakimwuliza mlango wangu lini, anawawekea mbao shavuni na wao. Wengi walijifanya wamesikia kitu.

Nimesema mlango. Yeye alisema mrango, maisha yake yote, maana Kisubi, lugha ya kwao, kilikuwa hakijamtoka ulimini, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Milango ndiyo iliyokuwa wazimu wake. Alikuwa akipita mitaani jioni, anaingia uani kwako bila hodi, anaushika mlango aliokutengenezea, anaufungua, anaufunga, anasikiliza, kisha anaondoka. Siku moja mke wangu alikuwa anaoga ndani. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka na marungu! Fundi akamjibu kutoka nje, "Tulia mama, sijakuja kwako, nimekuja kwa bawaba." Mke wangu hakumsalimia muda mrefu. Yeye hata hakugundua.

Ukimwamkia shikamoo, anaitika marahaba huku anatazama mikono yako. Alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na kuimba kwa sauti mbaya, na mchana wa Jumapili hiyohiyo unamkuta ananoa msumeno. Ukimuuliza, anasema kunoa si kazi, ni kutubu. Alikuwa mkali, mbishi, mchoyo wa tumbaku. Nami nilimpenda. Nalisema waziwazi kwa sababu wakati ule hatukuwa tunaambiana mambo kama hayo.

Sasa nieleze kilichomkaa moyoni.

Kwake hakukuwa pale kijijini. Kwake kulikuwa ndani, msituni, mwendo wa kutoka asubuhi ukafika jua likiwa utosini. Huko alikuwa na migomba, alikuwa na mininga yake aliyoijua mmoja mmoja, na alikuwa na watoto watatu. Watoto hao walikuwa wamekufa kwa homa, wakiwa bado wadogo, kwa miaka tofauti. Kwetu sisi mtu huzikwa kwake, kwenye migomba, ili wenye nyumba wakipita kwenda kukata mkungu wapite na kwake. Kwa hiyo aliposema "watoto wangu wako nyumbani," mgeni angedhani wamebaki wanachunga mbuzi.

Operesheni ya kuhamia vijijini ilipofika, walikwenda kumchukua kwa lori. Mimi nilikuwepo, maana na mimi nilikuwa nimehamishwa siku chache kabla na nilitumwa kubeba. Mke wake alipakia vyungu, kuku na mche wa mgomba uliofungwa matopeni. Yeye alipakia mbao. Vijana wa mgambo wakamwambia, "Mzee, godoro je?" Akasema, "Godoro halihitaji miaka miwili kukauka." Walipoanza kuezua nyasi za paa ili asirudi, alikwenda kwenye migomba, akasimama huko. Mkewe hakwenda. Alikaa kwenye lori na kuku wake, ametazama barabara. Nilidhani ni hasira.

Kijiji kilipangwa kando ya barabara, nyumba zimefuatana. Sisi wapasuaji tulikuwa na uzi tunaouchovya kwenye unga mweusi wa betri kuukuu, tunauvuta juu ya gogo, tunauachia, pa! mstari umenyooka. Fundi alizitazama zile nyumba siku ya kwanza akasema, "Wametupigia uzi." 

Sitaki mtu aje aniambie kila kitu kilikuwa kibaya. Tulipata bomba la maji. Tulipata shule, na madawati yake tuliyatengeneza sisi. Tulipata zahanati. Lakini mlango wa kutoka haukuwepo. Kuhama kulitaka kibali cha mwenyekiti, na kila baada ya mavuno Fundi alivaa koti lake, akaenda kukiomba.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mpole, na hapo ndipo penye taabu. Angekuwa mkali ungemchukia ukapumzika. Alimkaribisha Fundi, akamkalisha kwenye kiti ambacho Fundi mwenyewe alikitengeneza, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha anasema, "Mzee wangu, kijiji bila fundi ni kijiji gani? Ngoja kwanza tumalize shule." Shule ikaisha. "Ngoja tumalize zahanati." Zahanati ikaisha. "Ngoja ghala." Fundi akirudi nilimwona kwa mbali, na hatua zake zilinitosha, sikuuliza. Tuliingia kazini, na siku hiyo aliuvuta msumeno kwa nguvu hata mikono yangu ikaota malengelenge.

"Mikono hii ndiyo imenifunga," aliniambia siku moja kutoka juu ya gogo. "Ningekuwa mvivu ningekuwa kwangu."

Basi akaamua kuwa mvivu. Mwenyekiti alitaka mlango mpya wa nyumba yake. Fundi alichukua zile mbao nyeupe, zile za kuota moto, akazipiga randa vizuri, akazipaka mafuta, akamtengenezea mlango mzuri wa kutazama. Mimi nikamwambia, "Mzee, huu utaliwa." Akasema, "Ndiyo." Hesabu yake ilikuwa kwamba kabla ya mavuno mengine mlango utakuwa unga, mwenyekiti ataaibika mbele ya wageni wake, atasema fundi gani huyu, aende zake. Nilivyomjua, ilimuuma kuliko kung'olewa jino. Hakuenda kuusikiliza mlango ule jioni hata mara moja.

Alichosahau ni jambo ambalo hata mtoto wa huku analijua. Mke wa mwenyekiti alikuwa anapikia ndani. Nyumba ile ilikuwa na mafiga karibu kabisa na mlango, na kuni mbichi, na moshi wa asubuhi na wa jioni ukatoka kwa kupitia hapohapo. Kuna mdudu gani atakaa kwenye moshi huo? Mlango ukaanza kuwa wa kahawia, ukawa mweusi, ukang'aa kama chungu. Mvua zikaja zikapita. Mwenyekiti akawa anaupiga kwa kiganja mbele ya wageni: "Huyu fundi wetu! Hata mti ule mweupe akiushika yeye hauozi." Na wageni wakaenda kusema huko walikotoka. Kazi zikaongezeka. Nilicheka shimoni mpaka nikapaliwa na vumbi, na Fundi akakanyaga gogo kwa hasira, vumbi lingine likanimwagikia. Kisha na yeye akacheka. Ilikuwa mara chache sana kumsikia.

Nimemtaja mke wake kidogo tu, na simtendei haki. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, rafiki wa kila mtu bombani. Fundi alilaani kijiji mchana kutwa, yeye alikisifu. Binti yao wa mwisho, aliyezaliwa hapohapo kijijini, aliwahi kushikwa na homa ya degedege. Mama alimkimbiza zahanati mgongoni bila hata kuvaa kandambili miguuni, na mtoto akapona. Baada ya hapo alimwambia Fundi kwamba mlango wa zahanati autoe kwenye moyo wa mninga ule bora, uliokauka kuliko yote, ambao Fundi alikuwa ameuweka kwa ajili ya nyumba yake ya huko msituni atakaporudi. Nilidhani watagombana. Fundi alitengeneza mlango ule bila neno. Mimi nilimuuliza mama, je, hapakumbuki kwao? Akaniambia, "Hapa nikiita, mtu anaitika," akajitwisha ndoo yake.

Halafu vita vikaja. Kwetu risasi hatukuzisikia, lakini malori yalipita kuelekea kaskazini mpaka vumbi la barabara likawa chumvi ya ugali wetu. Sabuni ikatoweka, chumvi yenyewe ikatoweka, misumari ikawa hadithi. Fundi hakujali misumari, alifunga mbao zake kwa vigingi vya mti, na alijivuna kidogo. Vijana walichukuliwa mgambo. Sisi wawili tukaambiwa tubaki tupasue mbao: mabodi ya malori yalikuwa yanavunjika, na masanduku yalitakiwa. Mwenyekiti safari hii hata kiti hakumpa. "Mzee, huu ni wakati wa vita. Hakuna kuhama, hakuna safari, wala kwa kibali."

Ndipo ikanipata na mimi. Ujumbe ulikuja kutoka kwetu Bugarama kwamba mama yangu yuko hoi. Nilikwenda kuomba. Nikaambiwa pole, lakini msumeno hauvutwi na mtu mmoja, wewe ukienda kazi ya nchi imesimama. Nilirudi shimoni. Nilivuta msumeno huku nalia, na vumbi la mninga linawasha macho lenyewe, kwa hiyo nilijua Fundi hawezi kutofautisha. Kumbe alitofautisha. Msumeno ukasimama juu.

"Ni nini?" akauliza.

"Vumbi, mzee."

"Vumbi halina kwikwi."

Nikamwambia. Akaniambia nipumzike, akauchukua msumeno akaenda nao nyuma ya kibanda. Nilisikia nyundo. Mtu huyu, ambaye msumeno wake aliufunga kwa kitambaa chenye mafuta kama mtoto, ambaye hakuruhusu hata mimi niuguse kwa tupa, aliyapiga meno yake kwa nyundo mpaka mengine yakakatika. Alirudi ameushika mbele ya mwenyekiti na askari aliyekuwa anasimamia mbao, akasema kwa sauti ileile ya kanisani, "Jiwe. Mvule umeuvunja msumeno. Kuuchonga meno mapya ni siku kadhaa. Huyu wa chini hana kazi, mpelekeni akale kwao, hapa anamaliza ugali."

Wakaniachia, nikapanda lori la jeshi lililokuwa linakwenda Ngara, njia ya kwetu. Mama nilimkuta anapumua, alinitambua, nikamshika mkono mpaka mwisho. Nilimzika kwetu, kwenye migomba yetu. Nilipokuwa narudi nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mzee huyu ameweza kunitoa mimi, na yeye mwenyewe bado yumo ndani. Nilimshukuru. Akaniambia, "Shuka shimoni, tumechelewa."

Vita viliisha. Mimi niliondoka siku ilipowezekana, nikarudi Bugarama kwenye shamba la mama. Tuliagana vibaya, yaani hatukuagana. Alijifanya anatafuta patasi.

Miaka ikapita, na kama mnavyojua, ule uzi ulianza kulegea wenyewe. Hakuna aliyetangaza. Mtu mmoja alirudi kwenye mahame yake kulima, akaonekana hakamatwi, wa pili akamfuata. Nilisikia hata mwenyekiti amerudi kwao alikotoka. Nikasema, eh, basi Fundi sasa yuko nyumbani kwake, amekaa na watoto wake. Nilifurahi kwa ajili yake kila nilipomkumbuka. Kwa hiyo siku niliposhuka sokoni Nyakahura kununua mbuzi, sikuwa na nia ya kupita kijijini. Nilipita tu kwa sababu mvua ilinikuta.

Nyumba nyingi zilikuwa magofu, boga limepanda ukutani. Ya Fundi ilikuwa imesimama. Alikuwa amekaa barazani, mwembamba, mvi tupu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akatazama mikono yangu. "Imelainika. Unafanya nini siku hizi, unahubiri?"

Mke wake alitoka, akanikumbatia, akacheka, akaniletea uji. Alikuwa anatembea kwa kushika ukuta, magoti yamekwisha. Binti yao alikuwa ameolewa hapohapo ng'ambo ya barabara, na wajukuu walikuwa wanaingia na kutoka. Mama aliporudi ndani, nikashindwa kujizuia.

"Mzee, nilidhani umekwenda kwako. Nani anakuzuia sasa? Mwenyekiti ameondoka mwenyewe!"

Aliutazama kwanza mlango alioingilia mama. Mvua ilikuwa inapiga kwa nguvu, na aliposema, alisema kwa sauti ya chini.

"Mwenyekiti alikuja kuniaga. Alikaa hapo ulipokaa. Akasema, mzee, nisamehe, mimi nilitaka kukuachia mwaka ule wa kwanza. Lakini kila ulipotoka kwangu, mkeo aliingia. Alipiga magoti. Alisema, usimpe, ukimpa nitalazimika kumfuata, na mimi siwezi kulala tena pale nilipowafukia."

 Nilikumbuka mavuno yote yale, na koti lile.

"Nilimchukia mtu asiye na kosa," Fundi akasema. "Mlango wa wadudu nikampa yeye."

"Na mama? Umemwambia?"

"Hajui kwamba najua." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilikasirika. Usidhani sikukasirika. Nilifunga mzigo, nikafika mpaka mwisho wa kijiji. Nikasimama. Kule nina watoto watatu, hapa nina mama yao. Mwenyekiti niliweza kumngoja aondoke. Huyu mama, kijana wangu, kila siku namwomba Mungu asiondoke."

Kutoka ndani mama akaita kwa sauti yake ileile ya bombani, "Nyie wawili, mnanong'ona nini huko?"

Fundi aliinua kichwa haraka.

"Mbao," akamjibu. "Tunazungumza mbao tu."